Mkono wa Harlan

Vasby, Iowa
9 Januari 1972

Mdogo wangu Arvid,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Aili, na kwamba goti lako limeacha kukutesa kwenye ngazi za hayo maghala ya nafaka. Sisi huku wazima, ila baridi inatuuma. Ng'ombe mmoja kazaa Jumanne usiku, na ndama kaganda masikio mpaka ncha zimekatika. Harlan kamleta jikoni, sasa analala kando ya jiko na kunitazama nikipika kama mkaguzi. Mama mkwe yuko vilevile. Kila asubuhi anauliza kama vita vimekwisha, na hakuna anayejua anaulizia vipi.

Sasa sikia lililonipata. Lavonne Petty alinipigia simu. Unamkumbuka, alikufundisha hesabu, na sasa ndiye mwenyekiti wa chama katika kata yetu. Tanuri la kupasha joto nyumba yake limepasuka na kuna barafu ndani ya beseni lake la kuogea, kwa hiyo anaomba mkutano wa kata wa Wademokrati ufanyike kwangu, tarehe 24 mwezi huu. Nikamwambia, "Lavonne, mikutano hiyo si huwa wakati wa matope, theluji ikishayeyuka?" Akasema mwaka huu imesogezwa mbele. Kwa nini? Hana hakika. Zimekuja kanuni mpya baada ya zile vurugu za mkutano mkuu wa chama kule Chicago mwaka 1968, kila hatua lazima ipewe muda wake na kila mtu atangaziwe. Tena wengine wanasema ni kwa sababu mashine ya kunakili karatasi huko makao makuu Des Moines ni kuukuu na inataka wiki nyingi.

"Kwa hiyo sisi tutamchagua mgombea urais kabla ya nchi nzima kwa sababu ya mashine mbovu?"

"Hatumchagui, Verna. Tunachagua wajumbe wa kwenda mkutano wa kaunti, ambao watachagua wajumbe wa kwenda mkutano wa jimbo, ambao watachagua wajumbe wa kwenda..."

Nikasema ndiyo ili anyamaze.

Harlan nilimwambia wakati wa chakula. Alitafuna muda mrefu. "Wademokrati sebuleni kwangu," akasema. Nikasema sebuleni kwetu. "Watavua viatu?" Nikasema watavua. Hapo ndipo mjadala ulipoishia. Unamjua shemeji yako, hajapiga kura tangu tuoane. Anasema mvua hainyeshi kwa kura.

Kuhusu lile jambo jingine, hakuna jipya. Tangu Galen wetu aondoke mwaka juzi badala ya kwenda jeshini alikoitwa, baba yake hataki jina lake litajwe humu ndani. Nilitoa picha yake ukutani mwenyewe, ili asiitoe yeye. Wale watu wawili wa serikali walirudi Novemba, wakanywa kahawa yangu, wakauliza kama tuna jamaa Kanada. Harlan akawajibu, "Shemeji mmoja. Haandiki." Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Kwa hiyo sikuulizi kitu. Nataka tu kujua Aili siku hizi anapika kwa watu wangapi, ili nimwandikie vipimo vya ile keki ya mdalasini.

Dada yako,
Verna


Port Arthur, Ontario
(wanataka tuseme Thunder Bay)
19 Januari 1972

Dada Verna,

Barua imefika. Goti ni lilelile. Ziwa limeganda na meli hazitembei mpaka Aprili, kwa hiyo tunakwangua na kupaka rangi. Aili anakusalimu sana.

Vipimo viwe vya watu watatu. Tumechukua mpangaji. Ni kijana mtulivu, anakula haraka kama mtu aliyekulia mahali ambapo ng'ombe wanasubiri kukamuliwa. Njegere anazisukuma pembeni ya sahani. Zaidi ya hapo usiniulize. Barua hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwako.

Hiyo habari ya mkutano imenichekesha. Baba alinipeleka kwenye mmoja, jikoni kwa mzee Scully, baba yake jirani yenu Emmet. Walikuwa wanaume sita na mtungi wa kileo cha tufaha. Mzee Scully akasema, "Mkutano umefunguliwa. Nani aende kaunti?" Baba akasema, "Wewe." Mzee akasema, "Vizuri. Mkutano umefungwa." Wakatoa karata. Njiani nikamuuliza Baba tumemchagua nani kuwa rais. Akaniambia hayo si mambo ya kuuliza mbele za watu. Tulikuwa wawili tu kwenye gari, Verna. Mpaka leo sijui alimtaka nani.

Na sasa mlango uko wazi kwa kila mtu? Watu wasimame na kuonyesha wako upande gani, mbele ya jirani zao? Sielewi. Iowa ninayoijua mtu hasemi hata kama amependa chakula.

Mpangaji alisikia nikisoma kwa sauti. Baadaye akauliza kama mwenye nyumba atakuwepo.

Arvid


Vasby
27 Januari 1972

Mpendwa Arvid,

Salamu kutoka kwa watu waliochoka. Mikono yangu bado ina harufu ya kahawa. Ndama anasimama vizuri sasa na amekula pindo la pazia. Mama mkwe alifurahia wageni, alidhani ni msiba na akampa kila mtu pole mlangoni. Wengine walimshukuru.

Umenitajia njegere na nilikaa na hiyo barua muda mrefu. Basi. Siandiki zaidi.

Jioni ya Jumatatu ilinyesha mvua ya barafu, kisha theluji juu yake. Nilijua watakuja Lavonne na watu wawili watatu. Arvid, viatu vilijaa kibarazani mpaka mlango haukufungika! Wengine sijawahi kuwaona, vijana wenye nywele ndefu kutoka upande wa chuo, wakulima ambao ningeapa ni Warepublikani, na yule mwalimu mpya wa shule, Bi Judith Pruss, aliyekuja na karatasi zake zimefungwa kwenye mfuko wa mkate zisilowe. Emmet Scully alikuja pia, amevaa tai. Sijamwona na tai tangu mazishi ya mwanawe Dennis.

Lavonne alifungua mkutano kwa nyundo yangu ya kupondea nyama. Akasoma kanuni mpya, akarudi nyuma akazisoma tena, kisha akasema, "Nadhani maana yake ni hivi. Kila mtu aende akasimame na wenzake wanaomtaka mgombea mmoja. Kundi likiwa dogo mno, linavunjika na watu wake wanatafuta kwingine." Mtu akauliza dogo mno ni watu wangapi. Lavonne akaanza kugawanya ukutani kwa kidole.

Waliomtaka seneta wa Maine walichukua sebule. Waliomtaka seneta wa Dakota Kusini, yule anayetaka vita viishe, wakaenda jikoni pamoja na Bi Pruss na ndama. Ambao hawakuwa wameamua wakakaa kwenye ngazi. Mzee mmoja alimtaka seneta wa Minnesota na hakuna mwenzake, akasimama peke yake bafuni mpaka tukaenda kumtoa. Watu wa sebuleni walikuwa wakipita wakiwabembeleza wa kwenye ngazi, na wa jikoni nao wanawabembeleza kwa keki zangu mimi. Nilikuwa katikati na birika.

"Verna, chagua chumba!" Lavonne akanipigia kelele.

"Vyumba vyote ni vyangu!"

"Basi simama palipo na birika lako."

Ndivyo nilivyohesabiwa kwa yule wa Dakota Kusini. Lakini ningesimama hapohapo hata jiko lingekuwa limezimika.

Sasa Harlan. Alikuwa kwenye kiti chake chini ya ngazi, pale hewa ya moto inapotokea, amefunua gazeti la bei za nguruwe. Lavonne akasimama mbele yake. "Harlan, uko mkutanoni au unapita tu?"

"Niko kwenye kiti changu."

"Kiti chako kiko na wasioamua. Nikuhesabu?"

"Hesabu unavyotaka."

Akahesabiwa. Na wa kwenye ngazi ndio waliokuwa wengi kuliko wote! Umepita kwenye baridi na barafu kuja kumchagua rais, halafu anayeshinda ni hakuna mtu. Nilimuuliza Lavonne kama hilo linaruhusiwa. Akasema, "Nadhani."

Nilidhani tumemaliza, watu wameanza kutafuta viatu, ndipo Bi Pruss akasema kuna maazimio. Akasoma lake, kwamba chama kiitake serikali iwasamehe vijana waliokataa kwenda vitani. Arvid, nyumba ilitulia mpaka nikasikia ndama anatafuna.

Emmet akasimama. Alizungumza polepole, macho yake kwenye zulia. "Dennis wangu aliitwa akaenda. Hakuniuliza na sikumwambia. Kijana aliyekataa akakaa hapa, akafungwa, huyo siwezi kumtukana, alisimama mbele ya watu. Lakini aliyekimbia..." Akapangusa mdomo. "Naomba tuongeze maneno. Isipokuwa waliokimbia nchi."

Hakuna mtu aliyenitazama. Unajua watu wa hapa wanavyoweza kutokutazama kwa nguvu.

Maneno ya Emmet yakaandikwa. Papo hapo kijana mmoja wa jikoni akaleta hoja ya kuyafuta. Mwingine akataka marekebisho ya ile hoja. Lavonne akapekua kitabu chake cha kanuni mbele, akapekua nyuma. Mwishowe akasema hivi, nimeyashika kwa sababu nimeyarudia kichwani kila saa tangu Jumatatu: "Wanaokubali hoja ya kufuta nyongeza inayowaacha nje ya msamaha waliokimbia nchi, wainue mikono."

Watu wakatazamana. Mimi niliinua wangu, na kitambaa cha vyombo kikining'inia, na nilijua ninachofanya. Ukiinua mkono, maneno ya Emmet yanafutwa na aliyekimbia anasamehewa pamoja na wengine. Nikageuka, na pale chini ya ngazi, Arvid, mkono wa Harlan ulikuwa juu. Si juu sana. Kama mtu anayemsimamisha dereva wa maziwa. Lakini juu.

Na mkono wa Emmet Scully pia ulikuwa juu.

Lavonne akahesabu, akarudia. "Wanaokubali wamezidi kwa kura moja. Nyongeza imefutwa."

"Imefutwa ndiyo imepita?" Emmet akauliza.

"Imeondoka, Emmet. Umepiga kura kufuta maneno yako mwenyewe."

Mtu akacheka kisha akajuta. Emmet alisimama pale na tai yake, uso mwekundu. Halafu akamgeukia Harlan, si kwa ugomvi, kama anayeuliza njia. "Na wewe Harlan? Wewe ulidhani tunapigia nini?"

Harlan akavaa kofia. "Naenda kumtazama yule ndama," akasema, akatoka nje kwenye theluji.

Ndama alikuwa jikoni, Arvid.

Alipokuwa nje, wa kwenye ngazi wakamchagua kuwa mjumbe wao kwa mkutano wa kaunti, kwa vile hakuna mwingine aliyetaka kuendesha gari mpaka mjini Jumamosi ya kazi. Nilipomwambia akasema, "Mjumbe wa nani?" Nikasema wa hakuna mtu. Akaitikia kwa kichwa kama kwamba hilo analielewa.

Sijui aliinua mkono kwa nini. Sijathubutu kuuliza. Niambie wewe unaonaje, wewe ni mwanamume.

Verna


Port Arthur
9 Februari 1972

Dada,

Tuko salama. Aili alikuwa na kikohozi, kimepungua.

Laiti usingeandika habari ya ule mkono, au ungeandika yote. Nilisoma kwa sauti mezani, sikujua kinachokuja. Mpangaji akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akataka maneno yenyewe ya mwenyekiti, akachora mishale kwa uma kwenye viazi vilivyopondwa sahanini mwake. Kufuta ni ndiyo, ndiyo ni kufuta. "Mjomba," akasema, "alikuwa anajua au hajui?" Nikamwambia sijui. Akasema kama alijua, basi ni jambo moja. Kama alidhani anaunga mkono maneno ya Emmet, basi mzee aliinua mkono mbele ya kata nzima kumfungia mwanawe mlango. Mambo mawili tofauti kabisa, na mkono ni mmoja.

Nikamwambia hiyo ni siasa, isimwondolee hamu ya kula. Hilo lilikuwa jambo la kijinga kusema.

Unaniuliza mwanamume anaonaje. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa na Baba alinipa mkono kama mtu anayeuza farasi. Sijui wanaume wanaonaje.

Muulize, Verna.

Arvid


Vasby
16 Februari 1972

Arvid mpendwa,

Nafurahi Aili anapata nafuu. Mpe maji ya moto na asali, na asitoke bila kofia.

Nimejaribu. Tulikuwa kwenye kibanda cha kukamulia. Nikasema, "Harlan, ile Jumatatu..." Akawasha mashine. Nilingoja mpaka alipoizima nikasema tena, akaniambia ng'ombe wa tatu ana kiwele kigumu. Na kweli kilikuwa kigumu, basi tukashughulikia hicho.

Juzi Emmet alikuja. Tulidhani anarudisha mnyororo wetu wa kuzungushia magurudumu wakati wa theluji. Nilikuwa naanika nguo kwenye chumba cha chini ya ardhi, dirisha liko wazi kwa ajili ya mvuke, nao wamesimama nje kando ya trekta. Miguu yao tu ndiyo niliyoiona.

Emmet: "Watu wananiuliza kama nimelainika."

Harlan: "Waambie ulikosea."

"Ndiyo nilikosea. Nilisikia waliokimbia nchi, nikajua ndiyo yangu." Akasogeza kiatu kwenye theluji. "Wewe ulikosea?"

Harlan akapiga gurudumu kwa kiatu. "Lavonne anasoma kama anakula mawe."

"Hilo si jibu."

"Sina lingine."

Kisha Emmet akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Alisema, "Nakuonea wivu, Harlan. Wangu hana kura ya kupigiwa." Miguu ikasimama pale, viatu vinne, hakuna aliyesogea. Nilikaa na shuka baridi mikononi mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishowe wakaanza kuzungumzia bei ya mahindi.

Nimechanganyikiwa, Arvid. Nilidhani namjua ninayelala naye.

Mpangaji wenu hajambo? Hukusema chochote kumhusu mwishoni.

Verna


Vasby
28 Februari 1972

Arvid,

Hujanijibu. Nasema ni posta. Tafadhali iwe ni posta. Mama mkwe alianguka lakini hakuvunjika. Ndama tumempeleka bandani na analia mchana kutwa, kazoea kuishi na watu.

Jumamosi tulikwenda mkutano wa kaunti, ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari. Nilikwenda naye kwa sababu alisema hajui aegeshe wapi, na hilo kwa Harlan ni sawa na kunishika mkono. Ilikuwa kelele, Arvid. Vijana wa kampeni, wengine wametoka Boston, wanamvamia kila mjumbe asiyeamua na kumpachika beji. Msichana mmoja alimuuliza Harlan ni jambo gani analolijali zaidi katika taifa hili. Akasema, "Matiti ya ng'ombe." Msichana akaandika.

Alikaa na koti lake mwilini saa zote, kofia kwenye goti. Emmet alikuwa mjumbe pia, safu mbili mbele yetu. Wajumbe walibishana juu ya nani ahesabiwe, nani si halali, mtu akapotea, mtu akapatikana. Sikuelewa hata robo. Harlan hakutikisika. Mchana ukapita.

Kisha maazimio. Msamaha ukaja, na watu wengine kabisa wakaleta yaleyale, isipokuwa waliokimbia nchi. Mwenyekiti ni mwanasheria wa mjini mwenye miwani ya kusomea, na akaanza, "Hoja iliyo mbele yenu ni mbadala wa hoja ya kuondoa nyongeza ya aya ya pili..."

Harlan akasimama. Nilidhani anakwenda msalani.

"Bwana mwenyekiti."

"Ni hoja ya utaratibu?"

"Sijui ni ya nini. Mimi nakamua ng'ombe." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Watu wakaanza kugeuka. "Mara ya kwanza waliposoma haya sikuelewa, na bado sielewi. Nataka uniambie kwa maneno ya kawaida. Nikiinua mkono, mwanangu anarudi nyumbani au harudi?"

Arvid, ukumbi mzima ule.

Mwenyekiti akasema, kwa upole, "Bwana, azimio halihusu kijana mmoja."

"Mimi ninaye mmoja tu," Harlan akasema.

Yule mwanasheria akavua miwani. Akaisoma ile karatasi bila miwani, nadhani hakuwa anasoma. Akasema, "Nitaita kura mara mbili. Ukiinua mara ya kwanza, anabaki nje. Ukiinua mara ya pili, anarudi. Yaani, kwa maoni ya chama katika kaunti hii. Sisi hatuna mamlaka ya kumrudisha mtu."

"Nimekuelewa. Asante," akasema, akakaa.

Mara ya kwanza mikono mingi ilipanda. Wake ulikuwa juu ya kofia. Mara ya pili akauinua, mkono wote, bega lote, na hakuushusha walipomaliza kuhesabu. Mimi sina kura kule, nilikuwa mtazamaji tu, lakini nilishika pindo la koti lake. Emmet hakuinua mara ya kwanza wala ya pili. Alikaa akitazama kikapu cha mpira wa kikapu.

Tulishindwa, Arvid. Tena vibaya. Waliokimbia wameachwa nje na watu wakaendelea na azimio la bei ya soya.

Kwenye gari nikamwambia, "Kwa hiyo ule mkono wa Januari ulikusudia nini?" Akasema, "Vile viti vya shule vimetengenezwa kwa watoto."

Mwambie. Nakuandikia wazi sasa, wasome wanaotaka kusoma. Mwambie Galen.

Verna


Port Arthur
8 Machi 1972

Dada Verna,

Si posta. Ni mimi. Sikujibu kwa sababu Galen aliondoka siku ya pili baada ya zile sahani na mishale. Aliacha kitanda kimetandikwa. Alikwenda kambi ya wakata magogo, kaskazini, mahali pasipo simu, na mimi sikujua nikuandikie nini. Aili alisema niandike ukweli, nikasema ukweli upi, mpaka barua yako ya tarehe 16 ikafika, na ya tarehe 28.

Kesho naazima gari la mwenzangu niende huko. Nitampelekea barua yenyewe, nisije nikaisoma vibaya.

Nisamehe kwa hili. Nilikuwa nimekuahidi kimoyomoyo kwamba nitamtunza.

Arvid


Vasby
15 Machi 1972

Arvid,

Nimepata yako ya tarehe 8 na nimeisoma mara tatu. Umempata? Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Hapa nako kuna kioja. Harlan kaondoka jana alfajiri, kasema kuna mnada wa mashine Minnesota, analala huko siku mbili. Harlan hajalala nje ya kitanda hiki tangu nilipomzaa mtoto. Kavaa shati la kanisani. Mnada gani wa mashine unaendewa na shati la kanisani?

Wakati wa kukamua nikatoka na ndoo, namkuta Emmet Scully amekwisha anza.

"Emmet, unafanya nini hapa?"

"Harlan kaniomba nimshikie zamu."

"Kaenda wapi?"

"Mnadani."

"Mnada wa nani?"

Akaficha uso ubavuni mwa ng'ombe. "Verna, nakuomba usiniulize. Mimi ni mwongo mbaya." Akakamua kidogo. "Nilimwambia abebe mnyororo. Huko juu bado kuna theluji."

Sielewi kitu. Huko juu wapi?

Verna


Port Arthur
16 Machi 1972

Dada Verna,

Najua barua zetu zitapishana njiani, lakini siwezi kungoja.

Galen yuko hapa, mzima, ana ndevu. Nilimkuta kambini Alhamisi iliyopita nikampa barua yako, akaisoma amesimama kwenye theluji, kisha akaingia garini bila kuchukua vitu vyake. Tuligeuka nusu ya njia kuvifuata.

Na mumeo yuko hapa.

Alifika juzi jioni. Aili alifungua mlango akaniita, akasema kuna mtu anauza kitu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi, shati jeupe, mnyororo umezungushiwa magurudumu ya gari. Nikamuuliza aliijuaje nyumba. Akasema, "Mimi ndiye ninayetoa barua sandukuni, Arvid. Unadhani sisomi bahasha?" Nikamuuliza kama alizifungua. Alichukia. Akasema hizo ni za Verna.

Galen alikuwa mezani. Alisimama, kiti kikaanguka. Sijui nilitegemea nini. Harlan akamtazama akasema, "Umekonda." Galen akasema, "La." Aili akaweka sahani. Wakala. Alipika njegere, masikini, hakufikiri, na wote wawili wakazisukuma pembeni. Sikujua kwamba ni ugonjwa wa kurithi.

Baada ya kahawa Galen akamuuliza, mbele yetu sote. "Ule mkono wa Januari, Baba. Ulikuwa wa kunifungia au wa kunifungulia?"

Harlan akasogeza sahani yake.

"Sijui, Galen," akasema. "Sitakudanganya. Sikuelewa lile swali hata kidogo. Nilisikia wanasema waliokimbia, nikajua wanakutaja wewe, na mkono ukapanda. Ulipokuwa juu ndipo nikaanza kujiuliza ninapigia nini." Akageuza kikombe. "Ndiyo maana nilikwenda kule kaunti. Kuuliza."

Galen aliinamisha kichwa mpaka kipaji cha uso kikagusa meza, na mabega yakaanza kutikisika, na Harlan akaweka mkono juu ya shingo yake, kama anavyomshika ndama, akauacha hapo. Aili na mimi tukatoka kwenda kutazama ziwa, ambalo tunaliona kila siku.

Hawezi kurudi, Verna. Unajua hilo. Akivuka mpaka atakamatwa, na mkutano wenu hauwezi kulibadilisha. Lakini wamekaa siku nzima chini ya lile gari la kuazima, wanatengeneza kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Harlan anaanza safari ya kurudi Jumamosi. Amenikataza nisikuandikie. Anasema habari hii ni yake na atakueleza mwenyewe akifika. Nimemwahidi, kisha nimeingia chumbani kuandika, kwa maana sote wawili tunajua atakueleza nini. Atasema barabara ilikuwa mbaya na kwamba Aili anapika vizuri.

Mwache aseme. Mwekee chakula. Halafu jiandae na wewe kuja huku, Aili amekwisha tandika kitanda cha tatu.

Mdogo wako,
Arvid